Maziwa ya Mama ni Afya ya Mama Pia

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 7 Agosti, huadhimishwa Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Tangu maadhimisho hayo yaanze mwaka 1992, mabango yamekuwa yakibandikwa katika zahanati na kliniki za mama na mtoto, na viongozi wamekuwa wakihutubia. Ni kazi njema. Hata hivyo, anayesikiliza kwa makini ataona kwamba karibu kila linalosemwa katika wiki hiyo linamhusu mtoto: uzito wa mtoto, kinga ya mtoto, akili ya mtoto. Mama hutajwa kana kwamba yeye ni kibuyu tu cha kubebea maziwa.

Mazoea hayo yana historia yake. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams alipohutubia huko Singapore kuyashutumu maziwa mazito ya kopo waliyokuwa wakiuziwa akina mama, alizungumzia vifo vya watoto. Mwaka 1977 wananchi wa Marekani walipoanza kugomea bidhaa za Nestlé, hoja ilikuwa ni hiyo hiyo. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa ya watoto kwa kura 118, Serikali ya Marekani ikiwa peke yake katika kupinga, na hapo pia aliyetetewa ni mtoto. Mapambano hayo dhidi ya tamaa ya makampuni yalikuwa ya haki. Lakini swali la nini humpata mama mwenyewe, miaka 20 au 30 baada ya kumwachisha mtoto ziwa, lilibaki kwa wataalamu wachache.

Kwa kuwa swali hilo halikuulizwa hadharani, dhana potofu imeshika nafasi yake. Wapo wengi, wakiwamo watu wenye elimu, wanaoamini kwamba mama anayenyonyesha anajichakaza. Kwamba mtoto akinenepa, mama amepungukiwa. Kutokana na dhana hiyo, mwanamke anayeomba ruhusa kazini akanyonyeshe huonekana anaomba hisani kwa ajili ya mtu mwingine. Mkuu wake akimkatalia, hudhani aliyenyimwa ni mtoto peke yake, na mtoto anaweza kupewa uji.

Ukweli ni kinyume. Mapema mwaka 1926, daktari Janet Lane-Claypon wa Uingereza alilinganisha wanawake 500 wenye saratani ya matiti na wengine 500 wasiokuwa nayo, akaona kwamba kunyonyesha ni miongoni mwa mambo yaliyoyatofautisha makundi hayo. Mwaka 2002, watafiti waliounganishwa kutoka Oxford walikusanya uchunguzi 47 uliofanywa katika nchi 30, wenye wanawake 50,302 waliougua saratani hiyo na 96,973 wasioiugua. Waliona kwamba kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, mbali na nafuu ya asilimia 7 inayotokana na kila uzazi.

Asilimia 4.3 ni kidogo machoni pa mtu mwenye haraka. Lakini mama aliyelea watoto wanne, kila mmoja akinyonya kwa miaka miwili, ana miaka minane ya kinga. Watafiti hao walipiga hesabu kwamba, kama wanawake wa nchi za viwanda wangezaa na kunyonyesha kama walivyofanya wanawake wa nchi zinazoendelea hadi siku za karibuni, watakaougua saratani ya matiti kabla ya kufikia umri wa miaka 70 wangepungua kutoka 6.3 hadi 2.7 katika kila wanawake 100. Karibu theluthi mbili ya tofauti hiyo ingetokana na kunyonyesha. Hapo bibi wa kijijini, aliyehesabiwa kuwa hajui kitu, alikuwa na jambo ambalo nchi tajiri zililitupa.

Moyo nao umo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2022, yenye takwimu za wanawake wapatao milioni 1.2, yalionyesha kwamba waliowahi kunyonyesha walikuwa na hatari ya kiharusi iliyo pungufu kwa asilimia 12, na ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu iliyo pungufu kwa asilimia 17, wakilinganishwa na waliozaa bila kunyonyesha. Kuhusu kisukari, uchunguzi uliofuatilia wanawake 1,238 wa Marekani, weusi na weupe, kwa muda wa miaka 30 na kuchapishwa mwaka 2018, uliona kwamba walionyonyesha kwa jumla ya miezi 6 au zaidi walipatwa na ugonjwa huo kwa karibu nusu tu ya kiwango cha wasionyonyesha kabisa.

Sababu zake si miujiza. Wakati wa mimba mwili wa mwanamke hujiwekea akiba ya mafuta na kubadili namna unavyotumia sukari, kwa kuwa unajua kuna kazi mbele yake. Kutengeneza maziwa hutumia takriban kalori 500 kwa siku, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Isipofanyika, akiba hubaki mwilini. Tangu siku ya kwanza, mtoto anaponyonya, mji wa mimba hukaza na damu hupungua kutoka. Hata mifupa, ambayo ndiyo hoja kubwa ya wanaodai kwamba mama huchakaa, hupoteza madini kidogo katika miezi ya kunyonyesha na kwa kawaida huyarudisha baada ya mtoto kuachishwa. Kinachomchakaza mama ni kunyonyesha huku hali chakula cha kutosha na huku kazi za nyumbani hazipunguzwi. Lawama hiyo si ya mtoto, ni ya waliomzunguka mama.

Haki inadai isemwe pia kwamba kinga hii si kamili. Wako wanawake walionyonyesha watoto wengi na wakaugua saratani. Katika wodi za Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hilo si jambo la ajabu. Mwanamke anayehisi uvimbe katika titi asijifariji kwamba alinyonyesha. Aende hospitali mapema, maana wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Tena wapo wasioweza kunyonyesha kwa sababu za kweli za kiafya, nao hawastahili kusimangwa na mtu yeyote.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kupita wote nchini. Ungamo hilo halikuwa sifa, lilikuwa deni. Sehemu ya deni hilo ililipwa kwa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Baada ya likizo, sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Sheria hiyo inawahusu pia watumishi wa umma.

Hesabu yake ni rahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yaani siku kama 180. Siku 84 hazifiki hata nusu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 wenyewe unataka majuma 14, nazo siku 84 ni majuma 12. Basi daraja lililobaki kati ya likizo na miezi 6 ni zile saa mbili. Zikivunjwa, maziwa hupungua, kwa kuwa titi lisilonyonywa wala kukamuliwa hupunguza kutengeneza.

Na huvunjwa mara ngapi! Mwalimu anapangiwa kipindi cha kwanza asubuhi na cha mwisho alasiri, nyumbani kwake ni safari ya basi mbili. Karani anaambiwa asubiri mpaka bosi arudi mkutanoni. Mwingine hukamua maziwa yake chooni na kuyamwaga, kwa sababu hana pa kuyahifadhi. Nyumbani, mtoto yuko na msichana wa kazi, ambaye pengine naye amemwacha wake kijijini akiwa bado ananyonya, na ambaye mwajiri wake, mwalimu huyo huyo, hajawahi kuhesabu saa zake mbili.

Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Hakuna sababu ya ofisi ya wilaya au shule ya Tanzania kungoja kulazimishwa. Haihitaji jengo jipya wala fungu katika bajeti. Unahitajika mlango unaofungwa, kiti, maji ya kunawa, na mahali penye ubaridi. Vyama vya wafanyakazi vinavyojadili mikataba ya hali bora viliweke jambo hili mezani kama suala la afya ya mfanyakazi, sawa na miwani ya mchomeleaji vyuma.

Ofisa utumishi anajua tarehe ambayo kila mwanamke aliye likizo ya uzazi atarudi kazini, kwani ameiandika yeye mwenyewe katika faili. Mwalimu mkuu naye anaijua, na ratiba ya vipindi hupangwa kabla muhula haujaanza. Saa hizo mbili ziandikwe humo tangu mwanzo, kwa wino ule ule wa hisabati na jiografia, ili mama akirudi asilazimike kubisha hodi ofisini kuziomba kila siku.