Chupa Juu ya Kabati



Likitajwa neno sanamu, wengi wetu tunamkumbuka ndama wa dhahabu kule jangwani, tukamshukuru Mungu kwamba hayo si yetu. Lakini sisi tunaoingia nyumba nyingi hapa Lizaboni, kutazama wagonjwa na kwa shughuli za kanisa, tunaona kitu kingine kimepewa kiti cha mbele. Ni chupa ndogo ya mafuta juu ya kabati. Kwingine ni maji, chumvi au kitambaa, kilichonunuliwa kwenye mkutano kwa fedha ya mahindi. Mtoto akichemka mwili usiku, mkono wa mama unakwenda kwenye chupa kwanza.

Hatusemi mafuta ni mabaya. Yakobo katika waraka wake aliwaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Hata nyoka wa shaba, Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hesabu 21). Ila vizazi vingi baadaye Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18). Sanamu za namna hii ni ngumu kuzitambua, kwa sababu huingia nyumbani zikiwa zimeshika Biblia.

Nchi yetu imeyaona. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Walikuwapo waliofia kwenye foleni, na walikuwapo wenye virusi vya UKIMWI waliorudi makwao wakaacha dawa. Kisha tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na sisi wa Songea tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Wazee wetu wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliambiwa kuwa maji yatazishinda risasi. Tunawaheshimu kila Februari 27 kwa kuwa walipigania nchi yao, wala hatuwacheki. Lakini risasi za Wajerumani hazikugeuka maji.

Tuseme wazi upande wa afya. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zikinywewa kila siku, hupunguza virusi hata visionekane kwenye kipimo, na mama mjamzito anaweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Zikiachwa, virusi huongezeka tena, hata kama mama amenenepa na anajisikia mzima. Shinikizo la damu nalo mara nyingi haliumi. Mama hutoa ushuhuda mbele ya watu kwamba amepona, anatupa vidonge, na siku moja tunaitwa kumtazama amepooza upande mmoja. Malaria ya mtoto mdogo ndiyo haisubiri kabisa asubuhi. Tone moja la damu kidoleni linatoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi, na kumwombea mtoto mkiwa njiani kwenda zahanati hakukatazwi na mtu.

Basi mama ajichunguze. Ukisafiri kwenda Mbinga ukaisahau ile chupa nyumbani, je, unaogopa kulala? Ikiisha, unahisi Mungu naye ameondoka? Na huyo aliyekuuzia, amekuambia uache dawa? Akikuambia hivyo, usirudi kwake, hata kama ana suti nzuri na sauti ya kububujisha machozi.

Hatumlaumu mama aliyekata tamaa. Mwenye miaka saba ya ndoa bila mtoto, mwenye mume anayelala kilabuni, atajaribu lolote. Tunamlaumu anayemwuzia. Kwa hiyo jirani yako akikwambia ameacha dawa, usimtangaze kwenye jumuiya wala kumchekesha kwa wenzake. Kaa naye, mpikie uji, halafu msindikize kliniki. Wauguzi waliozoea kazi hiyo watampokea bila kumfokea. Hezekia yule yule aliyemvunja nyoka wa shaba aliugua karibu ya kufa. Akalia, akaomba, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Mfalme hakuuliza kama tini ni kukosa imani.

Wengine mnatuuliza, chupa iliyobaki nyumbani tuifanye nini? Yakobo, baba wa makabila, aliifukia miungu ya nyumbani mwake chini ya mwaloni kule Shekemu. Ninyi hamhitaji mwaloni. Kwa kuwa hamjui yamechanganywa na nini, msiyapikie mboga wala msimnyweshe mtoto. Yamwageni shimoni, na chupa ifuate.