Kaburi Litangoja, Nyanya Hangoji

Ndabibi tuna makaburi maarufu. Diana Delamere amelala hapa katikati ya waume zake wawili, Gilbert Colvile na Lord Delamere. Alifariki 1987, mwaka uleule ilipotoka filamu ya White Mischief, inayosimulia kuuawa kwa mpenzi wake, Lord Erroll, mwaka 1941.

Mimi nimemaliza mwaka mzima nikiuliza swali lingine: nani alichunga hapa kabla yao? Niliacha chuo, sina ufadhili. Nina daftari na nauli ya bodaboda: Eburru, Maiella, mpaka Narok.

Jibu lipo. Mwaka 1904 Wamaasai walitolewa bonde hili wapishe walowezi. Wengi wakapelekwa Laikipia, wakiahidiwa kwamba huko ni kwao daima. Daima hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa tena. Wakaenda kortini 1913, wakashindwa.

Jameni, penzi la mtu mmoja limepata filamu. Kuhamishwa kwa watu wengi hivyo hakuna hata kibao barabarani. Halafu mtuambie tutunze urithi. Urithi wa nani?

Sisemi makaburi yabomolewe. Kaburi litangoja, limeshachongwa kwenye jiwe. Nyanya hangoji. Mmoja aliniambia nirudi baada ya mvua amalizie hadithi ya babake. Niliporudi nilikuta hema na viti vya matanga.

Kwa hivyo usingoje mtafiti mwenye gari. Una simu. Jioni ya leo keti na nyanyako, umrekodi.