Uzuri wa Mwili na Uzito wa Kauli

Si nadra siku hizi kumsikia kijana akidai kuwa sayansi 'imethibitisha' ni mwili wa namna gani unaopendwa. Dai hilo lina asili yake. Mnamo mwaka 1871 Charles Darwin alieleza kwa kirefu jinsi viumbe wanavyochagua wenzi, na jinsi uteuzi huo wa kijinsia unavyoacha athari katika maumbile ya vizazi. Baadaye wanazuoni walichunguza kimo, ukubwa wa mwili na ulinganifu: je, mtu ambaye masikio, viwiko na vifundo vyake vya kulia vinalingana na vya kushoto huvutia zaidi?

Mwaka 2005 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Jamaika. Vijana walicheza dansi, miondoko yao ikageuzwa taswira za kompyuta zisizo na sura, na vijana wenzao wakaitathmini. Ikadaiwa kuwa wenye miili linganifu, hasa wanaume, ndio waliocheza vizuri zaidi. Habari hiyo ilienea kote.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka 8. Robert Trivers, mmoja wa waandishi wa makala hayo, alizitilia shaka takwimu zake, na mwaka 2009 akashiriki kuandika kitabu kuhusu udanganyifu huo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani ulipata ushahidi kuwa data zilibuniwa. Desemba 2013 jarida likayafuta makala hayo.

Sisemi kwamba ulinganifu hauna athari yoyote. Nasema ushahidi ule haupo tena. Nami nikiwa mwanaisimu, naona tatizo limejificha katika vitenzi. 'Kuhusiana' si 'kusababisha', wala 'kudokeza' si 'kuthibitisha'. Anayevichanganya habadilishi mtindo tu, bali hubadilisha jambo lenyewe. Aidha, wastani wa kundi si hukumu ya mtu mmoja: kwa wastani wanaume huwazidi wanawake kimo, ilhali wapo wanawake wengi warefu kuliko wanaume wengi.

Mwalimu anayekutana na habari kama hizi hana budi kuwazoeza wanafunzi kuuliza: walipimwa akina nani, wangapi, na ni nani aliyerudia kipimo? Kijana anayejitazama kiooni na kuambiwa kuwa bahati yake imo katika milimita za masikio yake anastahili majibu hayo kabla hajasadiki.