Bibi Asma'u na Wanawake wa Kofia Pana



Yuko mume ahudhuriaye darsa msikitini kila baada ya Magharibi, kisha hurudi nyumbani asimwambie mkewe hata neno moja katika aliyoyasikia. Sheikh Uthman dan Fodio wa nchi ya Wahausa, ambayo leo ni kaskazini mwa Nigeria, aliwakemea wanazuoni wa zama zake kwa jambo hilo hilo: husomesha watoto wa watu, ilhali wake na binti zao wamewaacha katika ujinga. Yeye binti zake aliwasomesha.

Mmoja wao ni Bibi Asma'u, aliyezaliwa mwaka 1793. Alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, akiandika kwa herufi za Kiarabu kama watunzi wetu wa Lamu na Pate. Aliolewa na Gidado, waziri wa dola ya Sokoto, akalea watoto, wala kalamu hakuitua.

Hata hivyo, kinachonistaajabisha zaidi ni mpango wake. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1804, vijiji vilikuwa na wanawake wengi walio wageni katika dini. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kusafiri siku kadhaa kufuata darsa. Basi, yapata mwaka 1830, Bibi Asma'u aliteua wanawake watu wazima, waliokwisha kulea, kila mmoja akiitwa jaji. Jaji alikusanya wenziwe wa makamo pamoja na wasichana wasioolewa, akawaongoza hadi Sokoto. Huko walihifadhishwa mafunzo ya dini kwa mashairi mepesi, wakarudi kuwasomesha waliobaki majumbani. Waliitwa Yan Taru.

Jaji alivishwa kofia pana ya kusukwa, iliyozungushwa kitambaa chekundu. Kofia ya namna hiyo hapo kabla ilikuwa alama ya mwanamke mkuu wa ibada za pepo huko Gobir. Bibi Asma'u hakuipiga marufuku. Aliitwaa akaipa kazi nyingine. Laiti baadhi yetu tupandao mimbari tungelitafakari hilo kabla ya kukaripia akina mama.

Alifariki mwaka 1864. Nduguye, Bibi Maryam, akaishika kazi ile, na Yan Taru wako Nigeria hadi leo.