Barua ambazo Bibi Salme hakuzichapa

Mwezi huu tumzungumzie mama mmoja aliyeandika kitabu kwa ajili ya watoto wake.

Ni Bibi Salme wa Unguja, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Yeye alitwaa mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi juu yake kwa siri mpaka akajua. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Baada ya miaka mitatu tu mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Akabaki na watoto watatu, kitinda mimba akiwa hajatimiza nusu mwaka.

Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Ni kitabu kitamu: utaona sikukuu, mapambo, na ugomvi wa ndugu wakigombea kiti cha baba yao. Yapo pia ya kuumiza, maana mama huyu aliutetea utumwa wa kwao. Kwa sababu hiyo uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina lake mwaka 2019 ulinyang'anywa jina hilo mwaka uliofuata, na mimi siwalaumu.

Lakini juu ya kubadili dini, kitabu kile kinapita harakaharaka. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1993, ndipo mtaalamu Mholanzi, E. van Donzel, alipozichapa kumbukumbu hizo kwa Kiingereza pamoja na maandishi mengine ambayo Bibi Salme hakuyatoa alipokuwa hai. Yameandikwa kama barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, ambaye hatajwi jina.

Humo anafungua moyo. Alibatizwa kabla hajaielewa imani aliyoipokea. Ile ya zamani ameiacha, hii mpya haijamkaa. Anaeleza baridi, lugha asiyoijua, upweke wa mjane, na fedha zinazopungua.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Nimekaa katika vikao vya akina mama ambapo tumeandaa ubatizo wa mchumba kwa wiki mbili ili arusi isiahirishwe. Keki tuliijadili kuliko mafundisho! Na baada ya arusi, ni nani alikwenda kubisha hodi kwake?

Bibi Salme alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, lakini hakupatanishwa na ndugu zake wala hakupata urithi aliokuwa akiudai. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Barua zake zilikuja kupata wasomaji miaka 69 baadaye.