Simba ijipange, mechi ya ugenini inaanzia uwanja wa ndege

Morocco ilitangaza kufungua anga lake Februari 7, 2022, baada ya kulifunga tangu mwishoni mwa Novemba 2021 kwa hofu ya kirusi cha Omicron. Kwa mtu wa kawaida hiyo ilikuwa habari ya watalii. Kwa shabiki wa Simba ilikuwa habari kubwa kuliko usajili wowote wa dirisha dogo, maana Februari 27 Wekundu wa Msimbazi walitakiwa wawe Berkane, wiki moja tu baada ya kukipiga na USGN kule Niamey, Niger. Anga lingebaki limefungwa, ratiba ya Kombe la Shirikisho ingegeuka kizungumkuti.

Vijiweni mjadala ulikuwa nani aanze mbele na Pablo Franco angetumia viungo wangapi. Mjadala mzuri. Lakini tangu corona iingie, timu nyingi za Afrika zimeumia kabla hata ya kuvaa jezi. Zimeumia kwenye foleni ya uhamiaji, kwenye chumba cha kupimia, kwenye ndege ambayo haikuruka. Na safari hiyo Simba haikuwa na mwenzake wa kumlilia. Yanga ilitolewa na Rivers United, Azam ikatolewa na Pyramids, Biashara United ikatoka kwa namna ambayo itaelezwa hapa chini. Bendera ya Tanzania msimu wa 2021/22 ilibaki Msimbazi peke yake.

Anayedhani haya ni maneno ya kutishana amuulize mtu wa Namungo.

Februari 2021 timu hiyo ya Ruangwa, ambayo ilikuwa imepanda Ligi Kuu mwaka 2019 tu, ilikuwa inaandika historia yake. Ilishawatoa Al Rabita ya Sudan Kusini, ikawatoa Al Hilal Obeid ya Sudan, ikabaki hatua moja kufika makundi ya Shirikisho. Mpinzani alikuwa 1º de Agosto ya Angola, klabu kubwa, ya jeshi, yenye hela. Namungo wakapanda ndege kwenda Luanda. Walipotua wakapimwa, na majibu yakasema wachezaji watatu na ofisa mmoja wana corona. Mamlaka za Angola zikataka msafara ukae karantini. Mechi ikafa pale pale.

Fikiria hali ilivyokuwa. Umetoka kwenu umejiandaa kukimbia dakika 90, unaambiwa ukae chumbani. Kocha amebeba mbinu zake kwenye daftari, hana pa kuzitumia. Mwisho wa siku timu ilirudi nyumbani, lakini wale wanne waliokutwa na ugonjwa wakabaki nyuma Luanda, nchi ya watu, lugha ya watu. Hapo ndipo mpira ulipokuwa mchungu hasa. Mchezaji akiumia goti anabebwa na wenzake. Akikutwa na corona, wenzake wanapanda ndege, yeye anapungiwa mkono.

CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda 6-2 ya kwanza, wakafungwa 3-1 ya pili, wakapita kwa jumla ya mabao 7-5. Watu wakasherehekea, na walikuwa na haki. Ila ukweli usemwe: bila uamuzi ule wa mezani, safari ya Namungo ingeishia kwenye hoteli ya Luanda. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawapendi kulisikia. Wakati ule Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za corona tangu mwaka 2020. Ofisa wa afya wa nchi nyingine anayeona msafara kutoka nchi isiyotoa takwimu, hata kama hana nia mbaya, lazima atauangalia kwa jicho la pembeni. Wachezaji ndio waliolipa gharama hiyo, si waliokuwa maofisini.

Wenye nia mbaya nao wapo. Kabla ya corona, mashabiki wa Afrika walizoea figisu za kawaida: basi linachelewa, maji ya moto hakuna hotelini, ngoma zinapigwa usiku kucha chini ya dirisha la wageni. Corona ilipokuja, viwanja vingi vikabaki vitupu. Mwenyeji akanyang'anywa silaha yake kubwa, zile kelele za jukwaani. Basi figisu zikahamia kwingine. Uwanja wa ndege ukawa jukwaa jipya, na kipimo cha PCR kikawa kama mshika kibendera wa ugenini: anaweza kuwa sahihi kabisa, lakini akinyoosha kibendera nani atambishia?

Novemba 2020 Gabon walitua Banjul usiku kucheza na Gambia kufuzu Afcon. Hawakutoka uwanjani pale mpaka asubuhi. Pierre-Emerick Aubameyang, nahodha wa Arsenal wakati huo, mtu aliyekuwa analipwa mamilioni, alilala chini sakafuni pamoja na wenzake, na picha akazirusha mwenyewe mtandaoni dunia nzima ikaona. Jioni ya siku iliyofuata wakaingia uwanjani, wakafungwa 2-1. CAF iliipiga Gambia faini ya Dola 100,000. Sasa weka kwenye mizani. Gambia hao hao walifuzu Afcon kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Januari 2022 walicheza robo fainali na Cameroon. Dola 100,000 kwa pointi tatu na safari ya robo fainali? Wapo viongozi wa soka Afrika ambao wangeilipa faini hiyo huku wanacheka.

Ndiyo maana adhabu za CAF hazimtishi mtu. Mechi ya Sierra Leone na Benin ya kufuzu Afcon hiyo hiyo ilikwama Machi 2021 mjini Freetown, baada ya Benin kuambiwa wachezaji wao muhimu kadhaa wana corona dakika za mwisho. Benin wakagoma kucheza. Mechi ikahamishiwa Conakry Juni, nako ikaahirishwa siku moja kwa mzozo ule ule wa vipimo, ndipo ikachezwa. Sierra Leone wakashinda 1-0 kwa penalti. Miezi zaidi ya miwili kwa mechi moja! Dawa ilikuwa rahisi: CAF iwe na watu wake wa kupima, wasiotoka kwa mwenyeji wala mgeni. Wakati huo mgeni alikuwa anapimwa na nchi ya mpinzani wake, halafu anaambiwa aamini.

Kwa Simba, funzo la karibu zaidi ni Kaizer Chiefs, hao hao waliowatoa Mei 2021. Februari 2021 Chiefs walitakiwa kwenda Casablanca kucheza na Wydad. Morocco ikawakatalia kuingia kwa sababu ya kirusi kilichokuwa kinasambaa Afrika Kusini. Mechi ikapelekwa Ouagadougou, Burkina Faso, na Chiefs wakala nne bila. Kila mtu akasema wamekwisha. Lakini Chiefs walijifunza kuishi na safari za aina hiyo. Mei wakaipiga Simba 4-0 Johannesburg, wakavumilia kipigo cha 3-0 Kwa Mkapa na kupita kwa 4-3. Juni wakaenda Casablanca kwa Wydad wale wale, nusu fainali, wakashinda 1-0. Walifika fainali wakiwa timu ambayo kwao haikuwa na msimu mzuri hata kidogo. Walichokuwa nacho ni ngozi ngumu.

Si kila kitu kilikuwa karaha, lakini. Wachezaji waliosafiri kipindi kile wana raha zao ambazo hawazisemi sana. Ndege zilikuwa nusu tupu. Beki wa futi sita na ushee, ambaye miaka yote amezoea kukunja magoti mpaka yanagusa kidevu, alipata siti tatu peke yake akalala kama yuko kwao. Mizigo ilitoka haraka, vyoo vya ndege vilikuwa visafi, hakuna wa kukusukuma kwenye foleni. Na misafara ikapungua. Kila kichwa kilihitaji kipimo, na kila kipimo kilikuwa na bei, kwa hiyo wale wajumbe ambao kazi yao ugenini haijawahi kujulikana ilibidi wabaki nyumbani waangalie mechi kwenye televisheni kama wengine. Hiyo peke yake ni faida ambayo klabu za Bongo zingepaswa kuiendeleza hata corona ikiisha.

Tena ikumbukwe mchezaji wa Ligi Kuu ya Tanzania hajalelewa na ndege. Timu nyingi zinatoka Bukoba mpaka Mtwara kwa basi. Kwa kijana aliyezoea kulala ameegemea kioo cha basi kinachotetemeka, kukwama kwenye uwanja wa ndege wenye kiyoyozi si msiba. Pengine ndiyo maana timu za hapa huwa hazilalamiki sana barabarani. Simba ilikwenda Kinshasa Februari 2021, corona ikiwa imepamba moto, ikarudi na ushindi wa 1-0 dhidi ya AS Vita kwa penalti ya Chris Mugalu. Ikaenda Sudan ikatoka sare na Al Merrikh. Ikaongoza kundi lenye Al Ahly. Na msimu wa 2021/22 ilishinda 2-0 Gaborone dhidi ya Jwaneng Galaxy, halafu ikaja kufungwa 3-1 nyumbani kwake na kutupwa nje ya Ligi ya Mabingwa. Ndege haikuwa na kosa lolote siku ile.

Biashara United ndiyo hadithi inayouma. Oktoba 2021 vijana wa Musoma waliichapa Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 hapa nyumbani. Ushindi safi. Walichotakiwa ni kwenda Libya kulinda mabao mawili. Hawakufika. Safari ilishindikana, siku ya mechi ikapita, wakatolewa. Corona peke yake haiwezi kubebeshwa lawama hiyo. Ni umaskini wa klabu, maandalizi ya dakika za mwisho, na safari za kipindi kile ambazo ukikosa ndege ya Alhamisi huna nyingine ya Ijumaa. Wachezaji wale walifungwa na kaunta ya tiketi.

Simba si maskini kama Biashara. Ina mdhamini, ina watu wazoefu wa michuano hii. Kwa hiyo haitakuwa na kisingizio. Mtu wa kutangulia awe Niamey mapema, si siku mbili kabla. Kutoka Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda huko, na kutoka Niamey mpaka Berkane, kona ya mashariki ya Morocco, ni kuunganisha tena. Kama hela ya kukodi ndege ipo, itumike hapa, si kwenye mbwembwe za mapokezi. Daktari wa timu awe na nakala ya kila cheti cha kila mchezaji, na mtu wa TFF awepo kwenye msafara mwenye namba ya simu ya CAF inayopokelewa. Na wachezaji wachanje. Chanjo ziliingia nchini Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanja hadharani. Anayetaka kubishana kuhusu chanjo abishane akiwa kijiweni, si akiwa dirishani kwa ofisa wa uhamiaji wa Casablanca huku wenzake 20 wanamsubiri.

Asiyeona uzito wa hili aangalie walichofanyiwa ndugu wa Comoro Januari 2022. Wamefika 16 bora ya Afcon kwa mara ya kwanza, wanakutana na mwenyeji Cameroon, makipa wao mmoja majeruhi na wawili wana corona. Kipa mmoja, Ali Ahamada, akapimwa siku ya mechi hana tena ugonjwa, lakini kanuni ikasema lazima amalize siku tano. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa jezi ya kipa yenye namba 3 iliyobandikwa kwa utepe wa gundi, akaenda kusimama golini. Walifungwa 2-1, tena wakiwa pungufu uwanjani. Alhadhur akaokoa michomo ambayo makipa wa kweli huwa inawapita.

Ni mchezo wa kishujaa kuutazama. Lakini hakuna shabiki wa Simba anayetaka kumuona Shomari Kapombe golini.

Na mlango wa pili usisahaulike. ASEC Mimosas walitakiwa kuja Dar es Salaam Februari 13, kisha Berkane na USGN nao wangekuja. Wapo mashabiki ambao tayari wanasema wageni hao "wakaribishwe vizuri" uwanja wa ndege, na kila mtu anajua maana yake. Hapana. Wapimwe kwa haki, wapewe majibu kwa wakati, walale. Kwa Mkapa hatoki mtu, ndiyo kauli ya Wanasimba wenyewe, basi kazi hiyo ifanywe Kwa Mkapa, mbele ya watu, si kwenye chumba cha kuchukulia sampuli.

Baada ya ASEC kuna siku saba mpaka Niamey. Baada ya Niamey kuna siku saba nyingine mpaka Berkane. Anayekata tiketi angekuwa ameshaanza.