Kila Dereva Ajue Kubadili Oili Yake
Petite Barrière ni mpaka wa waendao kwa miguu kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, lakini pikipiki na teksi zinazowafikisha wafanyabiashara hapo Gisenyi hufanya kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa: safari fupifupi, kuzima na kuwasha kutwa, kisha mlima mrefu mteja anapotaka kwenda Musanze. Safari fupi haziipi injini joto la kukausha unyevu na petroli vinavyojichanganya na oili, kwa hiyo oili huchakaa kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ndiyo sababu nasema mwenye chombo ajifunze kuibadili mwenyewe nyumbani: aipashe injini kidogo, afungue boliti ya chini, abadili filta, ajaze kiasi kilichoelekezwa, apime kwa kijiti. Wapo watakaosema tunawanyima mafundi riziki. Sivyo, breki, klachi na vali bado ni kazi yao, na mteja anayeijua oili yake si rahisi kuuziwa ya bandia. Pingamizi zito ni la oili chafu, na hilo nalikubali kabisa. Ina chembe za metali na kemikali zenye sumu, nayo ikimwagwa mtaroni mvua huisukuma hadi Ziwa Kivu, wanakovua na kuoga watu wa Gisenyi na Goma. Asiye na dumu lenye kifuniko asiguse boliti. Nayo Wilaya ya Rubavu iweke mapipa ya kukusanyia oili chafu kwenye vituo vya mafuta, ili dumu hilo lipate pa kwenda.